Bia Iliyobaki Kwenye Ubao: Namna ya Kuionja Wiski ya Bourbon Iliyomaliziwa Katika Mapipa ya Bia

Jioni moja ya kipupwe, katika stoo ya vinywaji ya hoteli ninayofanyia kazi upande wa kaskazini wa Unguja, nilikuwa nimepanga bilauri tatu mezani nikijiandaa kuwafundisha vijana wapya wa baa. Dada anayeshika vitabu vya stoo, ambaye hatii kileo kinywani na ambaye sijawahi kumwomba atie, aliingia kuhesabu kreti, akapita karibu na meza, akarudi nyuma hatua moja. "Kaka, mbona hii yanuka karafuu?" akaniuliza huku akiionesha bilauri ya katikati. "Wameitia?"

Ni mzaliwa wa Wete, Pemba, kama mimi. Sote wawili tumekua tukichambua karafuu usiku, tukizitenga na makonyo yake, yaani vijiti vinavyozishikilia, juu ya jamvi mpaka vidole vikawa na harufu isiyotoka kwa sabuni, na kwa hiyo katika jambo hilo siwezi kubishana na pua yake. Harufu ya karafuu ilikuwamo kweli, lakini hakuna mtu aliyetia karafuu. Lebo ya chupa ilisema kwamba ni wiski ya Bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, iliyomaliziwa katika mapipa ya bia, na kinywaji cha namna hiyo huwachanganya watu kwa sababu harufu zake hutoka katika nyumba tatu tofauti: nafaka, pipa la kwanza na pipa la pili. Anayeionja bila kuzitenga nyumba hizo huishia kuipa bia sifa ambayo ni ya mbao, au kuilaumu mbao kwa kosa la bia.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko imo kwenye lebo zenyewe. Kuna bia iliyokomazwa katika mapipa yaliyokuwa na Bourbon. Hiyo ni bia tu, hata ikiwa nzito na yenye kilevi cha asilimia kumi au zaidi. Kuna pombe kali iliyokenekwa kutokana na bia iliyokwisha kutiwa hopu, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Hiyo ni adimu, na haituhusu hapa. Inayotuhusu ni wiski ambayo imekwisha kukomaa katika pipa lake la kwanza, kisha ikahamishiwa kwa wiki au miezi kadhaa katika pipa jingine ambalo bia yake ilikuwa imemwagwa na ubao wake ungali umelowa. Hakuna anayechanganya vinywaji viwili kwenye ndoo. Kazi yote hufanywa na ubao.

Linalozidi kuwatatiza watu ni kwamba kila wiski huanza maisha yake ikiwa bia ya aina fulani, na wakenekaji wa Kentucky wenyewe huuita uji wao wa nafaka uliochachuka kwa jina hilo la bia. Mahindi, ambayo kwa sheria lazima yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zote, husagwa na kupikwa pamoja na rai (nafaka jamaa ya ngano) au ngano na kimea cha shayiri, kisha hutiwa hamira na kuachwa yachachuke kwa siku chache. Kinachopatikana hakina hopu na kina kilevi kidogo, nacho hupelekwa kwenye mtambo wa kukenekea. Aliyewahi kufika kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, kule Chake Chake, ataielewa sehemu hii bila kuchorewa picha: mvuke hupanda, hubeba kile kilicho chepesi kuruka, hupozwa, na kurudi kuwa majimaji. Kule Wawi mvuke wa maji ndio unaoyabeba mafuta kutoka kwenye makonyo. Katika wiski ni kilevi chenyewe, kinachochemka kwenye nyuzijoto 78 hivi ilhali maji husubiri mpaka 100, ndicho kinachotangulia kupanda. Sheria ya Marekani imeweka mpaka kwamba kinapotoka mtamboni kisizidi asilimia 80 ya kilevi, kwani kadiri kinavyozidi kusafishwa ndivyo ladha ya mahindi inavyozidi kupungua.

Kinachotoka hapo ni cheupe kama maji. Kila kidogo cha rangi ya kahawia utakachokiona kwenye bilauri hutoka kwenye mbao, maana wiski ya Bourbon hairuhusiwi kutiwa rangi wala kiungo cha ladha. Huingizwa ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5 katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, na inapotiwa chupani isiwe chini ya asilimia 40. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio linaloitambua Bourbon kuwa ni kinywaji cha nchi hiyo pekee, na pipa jipya lililounguzwa limekuwa kama kitambulisho chake.

Hapa ndipo jibu la dada wa stoo lilipo, na ningependa msomaji akae nami kidogo. Pipa la kawaida la Bourbon hubeba takriban lita 200 na hutengenezwa kwa mwaloni mweupe wa Marekani. Kabla ya kutumiwa huwashiwa moto ndani, na katika kiwango kikali cha uunguzaji moto huo huachwa kwa muda unaokaribia dakika moja, mpaka uso wa ubao unapasuka magamba kama ngozi ya mamba. Chini ya tabaka hilo la makaa hubaki tabaka jingine ambalo halikuungua bali limeiva kwa joto, na humo ndimo hazina ilimo. Sukari zilizofungika ndani ya ubao huvunjika na kuwa kama sukari iliyokaangwa. Lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu wake, huvunjika na kutoa vanilini, ambayo ndiyo harufu kuu ya vanila. Mwaloni wa Marekani una pia kemikali ziitwazo laktoni kwa wingi kuliko mwaloni wa Ulaya, na laktoni hizo hunuka nazi. Kisha kuna yujenoli.

Yujenoli ndiyo inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika mafuta ya karafuu. Ubao wa mwaloni unayo pia, kwa kiasi kidogo sana, na moto huiongeza. Kwa hiyo dada yangu hakusikia harufu inayofanana na karafuu. Alisikia kitu kile kile kilichokuwa vidoleni mwetu tukiwa watoto, ila kimetoka kwenye mti mwingine, katika bara jingine. Nilipomsogezea bilauri ya kwanza, yenye Bourbon ya kawaida ambayo haijawahi kugusa pipa la bia, aliinusa kwa mbali akasema, "Hii ndiyo imezidi." Alikuwa sahihi. Karafuu ni ya pipa la kwanza, na bia haikuileta.

Nilipaswa kumtahadharisha jambo moja, nami nikamwambia: ziko bia, hasa baadhi ya zile za ngano za Ujerumani, ambazo hunuka kama karafuu kutokana na hamira yake. Hiyo ni kemikali nyingine, na katika bia nyeusi ya aina ya stauti, ambayo ndiyo iliyotumika kwenye chupa yetu, kwa kawaida huikuti.

Sasa pipa la pili. Sharti la chombo kipya lina maana kwamba pipa likiisha kutumika mara moja halifai tena kukomazia Bourbon mpya, na hilo limezaa biashara kubwa ya mapipa makuukuu. Mengi huvuka bahari kwenda Uskoti, mengine huenda kwa watengenezaji wa ramu na tekila, na katika miaka ya 1990 kampuni ya bia ya Goose Island ya Chicago ilianza kukomaza stauti yake nzito ndani ya mapipa ya Bourbon, desturi iliyoenea baadaye kwa watengenezaji wengi wa bia wa Marekani. Mapipa hayo yakiisha kutoa bia, yalikuwa yamebaki na unyevu na harufu ambavyo ni hasara kuvitupa. New Holland Brewing ya Michigan ni mfano ulio wazi: stauti yake iitwayo Dragon's Milk hukomazwa katika mapipa ya Bourbon, kisha mapipa yale yale hupokea wiski na kutoa chupa iitwayo Beer Barrel Bourbon. Pipa limeanza na Bourbon, likapokea bia, na limerudi kwenye Bourbon.

Kufikia hapo ubao umekwisha kunyonywa mara mbili. Vanilini, nazi na karafuu zilizobaki ni kidogo, na tabaka la makaa limekwisha kuoshwa, hivyo mtu asitarajie kwamba pipa la pili litaongeza mbao. Linachotoa ni kile ambacho bia imekiacha. Mfano ulio karibu nasi ni kibuyu cha mgema: ukimwaga tembo la jana, kuta za kibuyu zimekwisha kunywa sehemu yake, na tembo la leo litalikuta humo. Tofauti iliyopo ni kwamba katika kibuyu hamira ya jana huendelea kufanya kazi juu ya tembo jipya, ilhali ndani ya wiski yenye kilevi cha asilimia 50 au 60 hamira haiwezi kuishi. Hakuna uchachukaji unaoendelea. Ni unyonyaji na uchanganyikaji tu.

Tufanye hesabu ya mfano ili ukubwa wa jambo hili uonekane. Tuseme ubao umeshika lita 5 za stauti yenye kilevi cha asilimia 10, na pipa likajazwa lita 195 za wiski yenye asilimia 60. Bia yote ikitoka kwenye ubao na kuchanganyika, utakuwa na lita 200 zenye kilevi cha asilimia 58.75, na ndani yake bia ni sehemu moja tu katika arubaini. Ni kidogo. Lakini stauti nzito imejaa vitu vyenye nguvu: shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, inayotoa ladha ya kahawa na ya chokoleti chungu, sukari ya kimea ambayo hamira haikuweza kuimaliza, na uchungu wa hopu. Tena kilevi kikali huyeyusha vitu ambavyo bia yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, ilishindwa kuvibeba na kuviacha vimeganda kwenye ubao. Ndiyo maana sehemu hiyo moja katika arubaini husikika, na ndiyo maana lebo ya kinywaji kama hiki haitakiwi kusema Bourbon peke yake na kunyamaza, bali ieleze kwamba imemaliziwa katika mapipa ya bia.

Wamarekani hawakuwa peke yao katika kulifikia wazo hili. Kule Uskoti, watengenezaji wa wiski ya Grant's walitaka mapipa yalowanishwe kwa bia kabla ya kutiwa wiski, na bia iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya kumwagwa, mpaka wafanyakazi walipoionja wakagundua kuwa ni tamu; kutokana na hapo bia ya Innis & Gunn ya Edinburgh ilizaliwa mwaka 2003. Waairishi nao wana wiski ya Jameson Caskmates iliyopita kwenye mapipa ya stauti ya Cork. Mwaka 2016 Glenfiddich walitoa wiski iliyomaliziwa katika mapipa ya bia nyepesi yenye hopu nyingi, na tofauti yake na stauti ni ya kuzingatiwa: bia ya hopu huacha uchangamfu wa maganda ya machungwa na majani mabichi, wakati stauti huacha uzito na harufu ya kuungua. Kwa hiyo neno "bia" kwenye lebo halitoshi. Uliza ni bia gani.

Kuonja kunaanza kabla ya kufungua chupa. Majira ya kaskazi, joto letu linapokuwa zaidi ya nyuzi 30, kilevi huruka kutoka kwenye bilauri kwa kasi na kuichoma pua kabla harufu nyingine hazijapata nafasi, na kwa sababu hiyo mimi huonjesha ndani ya chumba kilichopozwa, mbali na jiko, na kabla ya chakula cha usiku. Siku hiyo sijitii mafuta mazuri wala sivai nguo iliyofukizwa udi. Bilauri iwe imebanana mdomoni na kutanuka tumboni, kama ile ya Glencairn ya Uskoti, kwa kuwa ile pana ya kuwekea barafu huitawanya harufu. Mimina kidogo, mililita 20 zinatosha, na uache ikae dakika kumi hivi. Na usionje moja peke yake. Weka Bourbon ya kawaida upande mmoja, stauti upande wa pili, na hiyo iliyomaliziwa katikati, maana ulimi hauna kumbukumbu nzuri unapoulizwa bila ushahidi mbele yake.

Nusa ukiwa umeachama kidogo, bilauri ikiwa chini ya pua na si ndani yake. Kazi kubwa zaidi ya kuonja hufanywa na pua, na dada wa stoo ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuifahamu wiski vizuri bila hata tone kumpita midomoni. Kwa anayeonja kwa kinywa, funda la kwanza si la kuhukumia, ni la kuuzoesha mdomo ukali. Funda la pili, dogo, likae ulimini sekunde kadhaa kabla ya kumezwa au kutemwa. Nasisitiza kutemwa. Mwalimu wa baa anayemeza kila anachoonjesha hatafika bilauri ya nne akiwa bado na hukumu.

Kuhusu maji, tumelelewa na methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji, na kwa hiyo vijana wengi huona kutia maji ni udanganyifu. Hapa sivyo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Karlsson na Friedman, walionesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, kitu chenye harufu ya moshi kilichomo katika wiski, hukaa karibu na uso wa kinywaji pale kilevi kinapokuwa asilimia 45 au chini, na huzama ndani kilevi kinapozidi sana hapo. Matone machache ya maji, basi, yanaweza kuileta juu harufu iliyokuwa imejificha, hasa kwa chupa kali. Iliyokwisha kushushwa mpaka asilimia 40 haihitaji kitu. Barafu ni jambo jingine: hupunguza ukali, lakini huinyamazisha harufu, na wiski hii imetengenezwa ili inuswe.

Katika maneno ya kueleza unachokisikia, sioni sababu ya kijana wa Makunduchi kumwambia mgeni kwamba anasikia tunda la porini la Ulaya ambalo hajawahi kulishika. Tunayo maneno yetu, na ni sahihi kuliko yale ya kukariri. Katika bilauri ya kwanza siku ile kulikuwa na utamu wa mahindi ya kuchemsha, kisha sukari guru, vanila, nazi kavu, na karafuu iliyokuja nyuma pamoja na ukakasi wa ndizi isiyoiva vizuri, ambao ni kazi ya tanini za mwaloni. Katika bilauri ya stauti kulikuwa na kahawa chungu kama ile ya barazani Joz Kona, Mji Mkongwe, na harufu ya mkate ulioshika moto. Ya katikati ilianza kama ya kwanza, lakini sukari guru ilikuwa imegeuka kuwa halua, nzito zaidi na yenye mafuta mdomoni. Karafuu ilikuwa imerudi nyuma. Na baada ya kumeza, pale ambapo Bourbon ya kawaida huacha joto na ukakasi, hii iliacha ukoko wa wali na kahawa, kisha uchungu mwembamba uliochelewa kufika na kuchelewa kuondoka. Uchungu huo ndio alama ya bia niiaminiyo zaidi, kwani halua na kahawa vinaweza kutoka hata kwenye pipa lililounguzwa sana, ilhali uchungu wa hopu hauna asili nyingine humo.

Si kila umaliziaji ni mzuri, na ningependa vijana wangu waseme hivyo bila woga. Pipa la bia likiachwa tupu siku nyingi kabla ya kujazwa, bia iliyobaki kwenye ubao huchachuka, na wiski hubeba harufu ya siki ambayo hakuna muda unaoiondoa. Wiski ikikaa humo kupita kiasi, uchungu hufunika nafaka. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la tatu, la wiski changa isiyo na mwili wa kutosha inayopewa pipa la stauti ili ionekane nzito: funda la kwanza ni tamu, kisha katikati pana tundu, hakuna mahindi wala mbao, na kahawa inakuja peke yake mwishoni kama mgeni aliyefika nyumbani kwa watu asimkute mwenyeji. Ndiyo sababu ninawataka waitafute Bourbon kwanza. Ikiwa pipa la pili linasikika na la kwanza halisikiki, kazi imeharibika, hata kama kinywaji kinapendeza.

Usiku ule sikuziosha bilauri zile tatu. Nilizimwaga, nikazifunika visahani na kuziacha mezani, kwa kuwa kilevi kikiisha kuruka kinachobaki kwenye kioo ni kile kizito kisichojificha. Asubuhi dada alikuja kufungua stoo, nikamwomba azifunue moja moja. Ya stauti ilikuwa imegeuka uchachu wa mkate wa jana. Ya kwanza ilikuwa mbao kavu na karafuu, nayo aliitambua kabla hajaifikisha puani. Ya katikati aliishika kwa muda mrefu zaidi, akaizungusha, akaniambia kahawa iko juu na karafuu iko chini yake, kisha akaifunika tena na kwenda kuhesabu kreti zake.